Mbio za Sakafuni Katika Marathoni za Watumishi

Katika miaka ya karibuni haipiti miezi mingi hapa nchini pasipo barabara za mji mmoja au mwingine kufungwa alfajiri ya Jumapili ili kuwapisha wakimbiaji. Wizara, mabenki, hospitali, vyuo na vyama vya hiari vimekuwa na mbio zao, na karibu zote zinaitwa marathoni, hata zile za kilomita tano ambazo mtoto wa darasa la sita huzimaliza akicheka. Kwa jumla jambo hili ni la kupongezwa. Karani anayeketi kitini tangu asubuhi hadi alasiri anahitaji kutoka jasho, na mwalimu anayesimama mbele ya ubao kutwa asidhani kwamba kusimama ndiyo mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kukimbia barabarani ni njia nyepesi ya kuzitimiza dakika hizo, kwa kuwa hakuhitaji uwanja wala mitambo.

Walakini, anayetaka kuujua ukweli wa mbio hizi asiende kusimama kwenye mstari wa kuanzia, penye ngoma, vipaza sauti na fulana mpya. Aende akasimame kwenye kilomita ya 32, wanakopita wale waliojiandikisha kukimbia marathoni kamili. Hapo atawaona watu waliotoka mbio kama waliofukuzwa na nyuki, sasa wanajikokota mikono kiunoni. Mmoja ameketi ukingoni mwa barabara akikandwa vigimbi, mwingine anauliza kama gari la huduma ya kwanza liko mbali. Watu hao si wavivu. Wengi wao wamekimbia kwa bidii kupita kiasi, na wamekimbia hivyo mahali pasipostahili. Wahenga walikwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yumkini hakuna mchezo unaoithibitisha methali hiyo kama huu. Kosa linaloonekana kwenye kilomita ya 32 halikutendeka hapo. Lilitendeka katika kilomita tano za kwanza na, kabla ya hizo, katika miezi ambayo mkimbiaji hakujua uwezo wa mwili wake wala hakujishughulisha kuujua.

Marathoni ina kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulipangwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 na ukafanywa kuwa rasmi mwaka 1921. Aliyekwisha kukimbia kilomita 21 hupenda kuamini kwamba marathoni ni kazi ile ile ikirudiwa mara mbili. Sivyo, na sababu yake iko ndani ya misuli. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini kwa namna ya glaikojeni. Kwa mtu wa kawaida aliyekula vizuri, akiba hiyo ni kiasi cha gramu 500, sawa na kalori 2,000 hivi. Kukimbia kilomita moja hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 atahitaji karibu kalori 2,950 mpaka afike mwisho. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku nyingi. Lakini mafuta huungua polepole na hutaka hewa nyingi, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoyaacha mafuta na kuikimbilia ile akiba ndogo. Ikiisha, miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe, akili huzubaa, na hakuna hotuba wala matusi yatakayoirudisha.

Watumishi wa Serikali wanapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, maana wanalijua kwa jina lingine. Ofisi iliyokula kasma yake ya mwaka mzima kati ya Julai na Septemba haiokolewi na bidii ya Mei.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mtu ambaye mazoezi yake yanamwezesha kumaliza kwa saa 4 na dakika 30. Kasi yake halali ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Sasa ngoma zimempandisha mori, anakimbia kilomita kumi za kwanza kwa dakika 5 na sekunde 40 kila moja. Amejipatia dakika 7 na sekunde 20, naye anaona amefaulu. Lakini akilazimika kutembea na kuchechemea kilomita 12 za mwisho kwa dakika 8 na nusu kila moja, atakuwa amepoteza zaidi ya dakika 25. Kila dakika aliyoikopa asubuhi ameilipa kwa dakika tatu na zaidi, tena kwenye jua.

Si hapa nchini tu ambako watu hukosea hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa matokeo zaidi ya 90,000 kutoka marathoni 14 za nchini humo. Waligundua kwamba katika nusu ya pili ya mbio kasi ya wanaume ilipungua kwa wastani wa karibu asilimia 16, na ya wanawake kwa karibu asilimia 12. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kimaumbile, kwa kuwa mwili wa mwanamke hutumia mafuta kwa wingi zaidi katika mazoezi ya muda mrefu. Watafiti hao hawakuficha, hata hivyo, kwamba sehemu nyingine yaweza kuwa ni maamuzi: wanaume hujipangia kasi ya juu kuliko wanayoimudu. Yeyote aliyepata kuona wakuu wa idara mbili wakianza mbio bega kwa bega, kila mmoja akikataa kubaki nyuma ya mwenzake mbele ya wasaidizi wake, hahitaji kusafiri hadi Marekani kutafuta ushahidi.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa na wachumi mwaka 2017, ulipitia matokeo karibu milioni 10. Ulionyesha kwamba watu humalizia kwa wingi usio wa kawaida dakika chache kabla ya saa 3, saa 4 au saa 5 kamili. Maana yake ni kwamba wakimbiaji wengi huanza safari wakiwa na tarakimu ya duara kichwani. Tarakimu hiyo si mbaya, mradi imetokana na miguu ya mwenyewe. Ubaya huanza inapotokana na matokeo ya jirani, au na majigambo ya chai ya saa nne ofisini.

Mabingwa wenyewe wanafanyaje? Eliud Kipchoge wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:39 mjini Berlin mwaka 2018, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 61 na sekunde 6, ya pili kwa dakika 60 na sekunde 33. Kelvin Kiptum, kijana wa Kenya aliyefariki katika ajali ya gari Februari 2024, aliishusha rekodi hadi saa 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023. Nusu yake ya pili ilikuwa ya haraka kuliko ya kwanza kwa dakika nzima. Alphonce Simbu aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, mjini Tokyo Septemba 2025, hakuwa na haraka ya kuonekana mbele. Alikaa na wenzake hadi uwanjani na kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48.

Upo mfano wa upande wa pili, nao ni wa nyumbani. Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi, alikuwa mtu wa kuongoza mbio tangu mwanzo, na mwaka 1989 aliishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia hiyo kwa wakati ule. Lakini Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka huo wa mwisho wakimbiaji wa mbele waliteremka kutoka Hopkinton kwa kasi ya kutisha, Ikangaa akiwa miongoni mwao, ilhali Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa 1988, alijizuia, akaja kushinda. Ikiwa mteremko wa mwanzo ulimgharimu Ikangaa, mwenye mapafu yale na mazoezi yale, utamwacha salama nani? Na ni Ikangaa huyo huyo anayetajwa kote duniani kwa kauli yake kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa.

Hapo ndipo hutokea mtu akasema: basi na Akhwari je? Hoja hii husikika kila mara, na inastahili kujibiwa kwa heshima. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 20, 1968. Alifungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Tangu siku hiyo jina lake hutajwa kila mtu anapotaka kumhimiza mwenzake asikate tamaa.

Lakini wengi wanaolitaja jina hilo wamechukua nusu ya habari na kuiacha nusu. Akhwari aliandikiwa saa 3:25:27. Hiyo ni kasi ya chini ya dakika tano kwa kilomita, pamoja na muda aliotibiwa, pamoja na goti lililoteguka, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Wakimbiaji wengi wa kujifurahisha wenye magoti mazima, katika miji ya pwani, hawajapata kuikaribia. Na miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05. Kilichomfikisha utepeni Mexico hakikuwa moyo peke yake. Ulikuwa moyo uliokaa ndani ya mwili uliozoezwa kwa miaka. Mtumishi ambaye hajakimbia kilomita kumi tangu aondoke mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, akianguka kwa uchovu kwenye kilomita ya 30 na kujilazimisha kuendelea kwa jina la Akhwari, anamwonea Akhwari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu na jasho linalokauka ghafla ni amri ya kusimama, wala hakuna aibu ndani yake.

Basi maandalizi yawe ya namna gani? Jibu moja lipo katika viwanja vya shule, na ajabu ni kwamba waliokulia humo wamelisahau. Ni mchakamchaka. Kila mwalimu anaufahamu: safu mbili, kiongozi mbele akianzisha wimbo, wengine wakiitikia, na miguu ikifuata mdundo. Hakuna aliyekimbia mchakamchaka akiwa na saa mkononi. Kipimo kilikuwa wimbo wenyewe. Ambaye hakuweza kuitikia alikuwa anakwenda kasi kuliko pumzi yake, na safu nzima ilipunguza mwendo ili sauti zisikatike. Wataalamu wa mazoezi leo wanaeleza jambo lile lile kwa maneno mengine: mtu anayeweza kuzungumza sentensi nzima huku akikimbia yuko katika kiwango ambacho moyo unapanuka, mishipa midogo ya damu inaongezeka katika misuli, na mwili unajifunza kula mafuta na kuweka akiba ya wanga. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza ratiba za wanariadha bora wa michezo ya ustahimilivu, alikuta kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi ni vya mwendo mwepesi wa namna hiyo. Mkimbiaji wa kujifurahisha hufanya kinyume. Kwa kuwa ana siku mbili tu kwa wiki, huona haya kwenda polepole, akakimbia kila mara mpaka ulimi utoke nje. Matokeo yake ni goti lililovimba mwezi wa pili na kiatu kilichotupwa uvunguni.

Kwa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita tano au sita bila taabu, wiki 16 hadi 18 ni muda wa haki wa kujiandaa kwa kilomita 42. Katika wiki hizo mbio ndefu ya Jumapili huongezwa kidogo kidogo hadi kufikia kilomita 28 au 30, na siku nyingine tatu huwa za mchakamchaka, moja tu ikiwa ya kasi. Asiyeweza kupata nafasi hiyo, kwa sababu ya masomo ya jioni, shamba au mtoto mchanga, akimbie kilomita kumi kwa furaha. Ni mbio kamili na zina heshima yake.

Kisha ipo hesabu ya kujua kasi ya siku yenyewe. Mhandisi wa Marekani Peter Riegel alitoa kanuni, aliyoieleza kwa kirefu mwaka 1981, ambayo huonyesha kwamba umbali ukiongezeka maradufu, muda huzidishwa kwa 2.085 hivi. Aliyekimbia nusu marathoni kwa saa 2 kamili ategemee saa 4 na dakika 10, na hiyo ni kama amejizoeza sawasawa. Ambaye mazoezi yake ni haba aongeze tena dakika 15 au 20, bila kujionea huruma. Kilomita tano za kwanza azikimbie akiona kwamba anachelewa. Hisia hiyo ndiyo dalili kwamba yuko mahali pake.

Kanuni hiyo, walakini, haikutungwa kwa joto la Dar es Salaam wala Tanga. Penye unyevu mwingi hewani jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi, mapigo ya moyo hupanda ijapokuwa kasi ni ile ile. Mwenye busara hupunguza mwendo tangu kilomita ya kwanza. Njia nayo ina lake la kusema. Mbio za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003 huwapa wakimbiaji wa marathoni sehemu ya kwanza iliyo tambarare, kisha huwapandisha kuelekea Mweka miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Mgeni asiyeijua njia hiyo huimaliza nguvu yake barabarani chini, mlima ukamkuta mikono mitupu.

Kuhusu maji, ushauri wa kunywa kwa wingi kila kituo umepitwa na wakati. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 na kukuta kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, ambao ukizidi huweza kuua. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito, na waliotumia zaidi ya saa 4 njiani, yaani watu wa polepole. Anywe mwenye kiu.

Yote haya yangebaki kuwa shauri la mtu binafsi kama mbio hizi zingekuwa za mtu binafsi. Lakini mara nyingi mtumishi hufika barabarani kwa waraka. Mkuu wa kazi amekubali mwaliko, idara imepewa fulana 30, na orodha ya majina inazungushwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Anayekataa ataonekana hapendi ushirikiano. Ni nani katika orodha hiyo mwenye shinikizo la damu? Ni nani aliyekwisha kupimwa sukari? Mara nyingi hakuna aliyeuliza, kwa kuwa lililotakiwa ni picha ya pamoja. Haifai kabisa kiongozi kuhesabu fulana na kudhani amehesabu afya. Ofisi inayotaka watu wake wakimbie ingeanza kwa kuwapa saa moja ya jioni mara mbili kwa wiki, kuwapima mapema, na kumwacha kila mtu achague umbali unaolingana na mazoezi yake. Waandaaji nao wangefanya vyema kuziita mbio za kilomita tano kwa jina lake, na kuweka katika marathoni kamili waongoza kasi wenye mabango ya saa 4 na nusu, saa 5 na saa 5 na nusu, kama inavyofanywa katika mashindano makubwa ya nje, ili mgeni wa mbio hizi awe na mgongo wa kuufuata badala ya kufuata ngoma.

Kalenda yenyewe si siri. Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mtu anayekusudia kuzikimbia kilomita zote 42 inampasa awe ameanza mchakamchaka wake kabla Oktoba haijaisha, wakati wanafunzi wa kidato cha nne wanajiandaa kwa mitihani yao ya Novemba. Waraka utakaofika mezani Januari, hata ukiwa na saini ya nani, unafaa kwa kilomita tano.